Mapumziko Pasipo na Bahari: Siku Tatu za Faragha Malili



Wageni huja kwetu kupumzika. Tangu utoto wetu tumewaona Nyali, Diani, Watamu na Malindi, mtu mmoja mmoja amejinyoosha juu ya mchanga, kofia usoni, kitabu kifuani, hasemi na mtu. Wengine hukimbilia visiwa vya Karibiani, Barbados na Jamaika, na wengine hutujia sisi. Ukiwauliza wamefuata nini watakwambia wamefuata bahari, jua na upweke. Husafiri peke yao kwa makusudi, wakatoa fedha nyingi, ili kwa siku saba asiwepo mtu wa kuwaita kwa jina.

Sisi watu wa Pwani bahari haitupumzishi. Bahari ni kazi ya mvuvi, ni soko la mama anayengoja samaki pale diko, ni njia ya kwendea msibani ng'ambo ya pili. Mwandishi wenu huyu akijaribu kukaa ufuoni baada ya Alasiri, hazipiti dakika tano ila atatokea mtu, atoe salamu, aulize hali ya nyumbani, kisha ajongee karibu: "Maalim, madhali nimekuona, nina mas-ala madogo ya mirathi." Na mas-ala ya mirathi, wapenzi wasomaji, hayajapata kuwa madogo.

Kwa hiyo mwaka huu, tulipoiona nafsi imechoka, tuliipa bahari kisogo. Tulikwenda Malili, peke yetu, siku tatu kamili, bila ya mke wala mwanafunzi wala mwenzi wa safari. Baadhi ya jamaa walicheka. Malili ni mji mdogo wa Kaunti ya Makueni, katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, ambao abiria wa basi la usiku huupita akiwa usingizini. Hakuna aendaye Malili kutembea. Na hiyo ndiyo sifa iliyotuvutia.

Tunaposema kuchoka, tungependa tueleweke. Uchovu wa mwili dawa yake ni usingizi. Uko uchovu mwingine, unaomjia mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza. Asubuhi chuoni na watoto, baada ya Magharibi darsa, na baina yake simu: mume na mke hawasemezani, ndugu wanaigombania nyumba ya marehemu baba yao, kijana ametoroka. Kila mmoja huja na mzigo wake, akautua, akaenda zake mwepesi. Mizigo ile haiendi mahali. Hubaki hapo ilipotuliwa. Mwenye kuipokea hufika siku akawa anamtazama msemaji usoni, anaitikia kwa kichwa, na moyo haupo. Akina mama wanaosoma ukurasa huu hawahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani kusikiliza na kupokea ndiyo kazi yao ya mchana na ya usiku, na hakuna anayewaita masheikh.

Dini yetu haikuuonea haya uchovu huu. Sahaba Hanzala (R.A.) aliijia hofu ya unafiki nafsini mwake, kwa kuwa alipokuwa mbele ya Mtume (S.A.W.) aliiona Pepo na Moto kana kwamba vi mbele ya macho yake, na aliporudi kwa mke na watoto na shughuli za mali, mengi yalimpotea. Mtume hakumkaripia. Alimfahamisha kwamba mwanadamu hawezi kukaa katika hali moja siku zote, bali ana saa ya hili na saa ya lile. Tena iko habari ya Salman na Abu Dardaa (R.A.), ambayo husimuliwa sana misikitini kwa upande wake mmoja tu. Salman alimzuru nduguye, akamkuta amejitupa katika saumu za mchana na sala za usiku, akamkumbusha kuwa Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na ahali yake wana haki juu yake. Na Mtume akayasadikisha maneno ya Salman. Lakini ni kitu gani kilichomwamsha Salman hata akasema hayo? Ni kumwona Ummu Dardaa, mke wa nduguye, katika nguo za kazi, hajijali. Alimuuliza mke kwanza. Hali ya nyumba aliisoma usoni mwa mwanamke.

Na kabla ya wahyi kushuka, Mtume (S.A.W.) alikuwa akijitenga katika pango la Hira siku kadhaa kwa ibada, akichukua chakula cha njiani, na kikimwishia hurudi kwa Bi Khadija (R.A.) akachukua kingine mfano wake. Wahubiri hulitaja sana pango. Masurufu huyataja kwa nadra.

Masurufu yetu sisi yalikuwa mahamri, visheti, tende, chupa ya chai ya tangawizi, na shali nzito ya sufi ambayo hatukuiomba. Aliyeitia mkobani alikuwa ameuliza habari za hali ya hewa ya Malili kabla sisi hatujakumbuka kuuliza.

Tuliondoka siku ya Jumapili, katika mfungo tano, na wako waliotuonya kwa sababu ya mwezi wenyewe, maana bado kuna watu wetu wanaoogopa kusafiri au kuoza mfungo tano. Tuliwajibu kwa upole kwamba Mtume (S.A.W.) aliukanusha mkosi wa Safar kwa kauli iliyo wazi, na kwamba mwezi haumdhuru mtu. Mwingine, mwenye ilimu zaidi, alitukumbusha makatazo ya kusafiri peke yako. Huyo alistahili jawabu lililo bora zaidi: wanavyuoni wameyaeleza makatazo hayo kwa hofu ya njia na hatari ya usiku, nasi tulikuwa tunapanda treni mchana kweupe, pamoja na mamia ya watu.

Treni ya asubuhi ile isimamayo vituo vya kati hutoka Miritini, ikapita Mariakani, Voi, Mtito Andei na Kibwezi, nasi tukashuka Emali. Kuanzia hapo tulipanda matatu. Mji unaofuata ni Sultan Hamud, na tulistaajabu kwamba abiria wenzetu, vijana watupu, hawakujua Hamud ni nani. Ni Sayyid Hamud bin Muhammad, aliyetawala Zanzibar tangu 1896 hadi 1902, zama ambazo reli ya kwanza ilikuwa ikitandazwa kutoka Mombasa kwenda bara, na Pwani yetu ikipeperusha bendera yake nyekundu. Jina la mfalme wa Unguja limebaki huku, katikati ya Ukambani na Umasai, pamoja na vibanda vya vitunguu na nyanya. Baada yake tuliupita mji uitwao Salama, tukamshukuru Mungu, maana dereva wetu alikuwa na haraka.

Malili tuliiingia kabla ya Magharibi. Tusiwadanganye: si mahali pa kimya. Malori ya bandarini kwetu hupita usiku kucha, na mtu aliyezaliwa Mombasa huweza kuwaza akiwa kitandani kwamba kontena lile huenda alilipita jana pale Changamwe. Lakini nyumba tuliyoelekezwa na mwanafunzi wetu wa zamani, aliyefanya kazi za ujenzi pande zile, ilikuwa mbali kidogo na lami: chumba kimoja, kitanda, meza, dirisha la kutazama uwanda. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alitukaribisha kwa Kiswahili kizuri, akatuuliza swali moja tu: "Mzee, umekuja kwa kazi ya Konza?" Tulipomwambia tumekuja kupumzika, alitutazama kwa huruma kama atazamavyo mtu mgonjwa.

Siku ya kwanza haikuwa ya mapumziko hata kidogo. Simu tuliizima baada ya Alfajiri, tukaiweka chini ya mto, na kutwa nzima mkono ulikuwa ukienda wenyewe kuitafuta. Tulisoma juzuu mbili, tukatembea, tukarudi, tukalala, tukaamka. Na kila tulipofumba macho walikuja wale wale, mume na mke, ndugu wa nyumba ya urithi, kila mmoja na hoja zake, wakatushtakia humo humo ndani ya kichwa. Watu hudhani faragha ni mlango unaoingia ukastarehe. Kwanza hukutana na kelele zako mwenyewe, na huko mjini hukuzisikia kwa sababu za wengine zilikuwa kubwa zaidi. Yule mgeni alalaye Diani na kofia usoni, ambaye tulikuwa tukimdhania yumo rahani tupu, labda naye siku yake ya kwanza huwa hivyo. Usiku baridi ilishuka. Malili iko juu, ardhi ya mbuga za Kapiti zenye upepo, na mwezi wa Agosti mawingu hutanda mpaka karibu na Adhuhuri. Tulijifunika shali.

Jambo lililotusaidia lilikuwa sala. Tulikusudia tangu mwanzo kukaa siku tatu, ukiacha ya kufika na ya kuondoka, na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi mwenye nia hiyo angali msafiri: hupunguza sala za rakaa nne zikawa mbili, na hukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Hukumu hii tumeifundisha miaka mingi. Kuiishi peke yako, mahali ambapo hakuna adhana ya kukufikia wala jamaa ya kukungoja, ni kitu kingine. Qibla ni kile kile cha Mombasa, kaskazini, na kuelekea kwake upo uwanda mtupu, majani makavu na migunga ya hapa na pale. Rakaa mbili zikaisha, na hakuna wa kumgeukia ukamtolea mawaidha. Unabaki umekaa. Tuliuona ukarimu wa Mola katika kupunguza kule: kwamba Muumba ndiye wa kwanza kumpunguzia msafiri kazi, tena katika kazi iliyo Yake Mwenyewe.

Siku ya pili tulikwenda kuitazama Konza. Hapo zamani palikuwa shamba la mifugo la Malili, na ekari 5,000 zake zilinunuliwa na serikali ili ujengwe mji wa teknolojia, Rais Kibaki akauzindua Januari 2013. Leo kuna barabara pana, taa, majengo makubwa kadhaa, na nafasi nyingi mno baina yake. Mama mwenye nyumba alituambia kuwa mwaka ule wa uzinduzi watu wa Malili walijenga vyumba vya kupangisha kwa haraka, wakitarajia wageni maelfu. Chumba chetu kilikuwa kimoja katika hivyo. Hatukumcheka. Mji uliokusudiwa kwenda kwa kasi ya kompyuta umejikalia pale kwa taratibu, pundamilia wakipita pembeni, nasi tulineemeka kwa taratibu yake. Kwa upande wa chakula tulikuwa salama: mas-ala ya kuchinja tuliyaepuka kwa kula mbaazi. Mbaazi zile tunazokula na mahamri asubuhi, zimetiwa tui zito, nyingi hulimwa Ukambani. Huko huzila bila ya nazi, pamoja na muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda. Nazi tuliikumbuka.

Lakini yaliyotupeleka kuandika makala haya yalikuwa ya siku ya tatu.

Kijana wa bodaboda aliyetuzungusha Konza alitusikia tukisema tumetoka kwenye mchanga wa pwani, akacheka, akasema kwao pia uko mchanga. Jumatano asubuhi akatuchukua, kanzu tumeikunja magotini, mwendo wa kama saa moja kwa njia ya vumbi inayoteremka, mpaka kwenye mto wa msimu ulio karibu na nyumba ya mama yake. Subhanallah! Mto mzima ni mchanga. Mweupe, mwororo, mpana kama ufuo wa Nyali maji yanapokupwa, na hakuna tone la maji juu yake. Pembezoni kuna kingo za udongo mwekundu na kivuli cha migunga. Juu ya mchanga ule walikuwepo wanawake sita au saba, mama yake kijana miongoni mwao, na punda, na madumu ya manjano. Walikuwa wamechimba shimo la kadiri ya mkono mzima, na chini yake yalikuwepo maji safi, kidogo, yakichuruzika kuingia. Huteka kwa kata mpaka shimo likauke, kisha hungoja lijae tena.

Tulitoa salamu kwa mbali, kijana akatujulisha, tukakaribishwa kivulini. Mama yake ndiye aliyetueleza mambo ya mto, na alieleza kama fundi. Kikundi chao cha mwethya, ndiyo desturi ya Wakamba ya kufanya kazi kwa zamu wakisaidiana, kilijenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto upande wa chini, juu ya mwamba. Mvua ikinyesha, mafuriko huja na mchanga na tope. Tope jepesi hupita juu ya ukuta likaenda zake, mchanga mzito ukatua nyuma yake. Msimu baada ya msimu mchanga hujaa mpaka kimo cha ukuta, na ndani yake, baina ya chembe na chembe, mna maji, zaidi ya robo ya ujazo wote. Jua haliyafikii yaliyo chini, mbu hawezi kuzaa humo, na mchanga wenyewe huyachuja. Mto huonekana umekufa, nao umebeba maji ya miezi. Mabwawa ya mchanga ya namna hii yametapakaa Makueni, Machakos na Kitui, na mengi yake yamejengwa kwa mikono ya wanawake waliobeba mawe kichwani.

Tulimuuliza anaogopa nini. Alitarajiwa kusema ukame. Akasema, "Lori." Mchanga wa mito hii hutakiwa kwa ujenzi wa mijini, lori likija usiku likauchota, maji huondoka nao, na mto uliokuwa ghala huwa mfereji. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mchanga mwaka 2015, na mama yule aliijua sheria hiyo kuliko sisi tunavyozijua za kwetu.

Kisha tukauliza, kwa kuwa tulikuwa na mas-ala yetu tuliyokuja nayo, "Na nyinyi, mama, mnapumzika lini?" Wanawake walitazamana wakacheka. Akaonyesha shimo kwa kidole. "Hapa, mzee. Maji yakiisha tunakaa. Yakijaa tunainuka." Kila walipolikausha shimo walikuwa na kama robo saa, na robo saa ile hapakuwa na mume wala mtoto wala mgeni wa kuwaamuru, kwa sababu hakuna awezaye kuyaamuru maji ya mchangani yaharakishe. Mmoja alikuwa amelala chali, kitambaa usoni, miguu imezama mchangani, kama wale wageni wa Diani hasa.

Hapo tulimkumbuka Nabii Musa (A.S.) alipofika kwenye maji ya Madyan, mgeni, peke yake, hana mtu wala makao. Aliwakuta mabinti wawili wamewazuia wanyama wao pembeni, wakingoja wachungaji wamalize. Aliwanyweshea, kisha akajitenga kivulini, akamwomba Mola wake kheri yoyote atakayomteremshia. Hiyo ndiyo khalwa ya msafiri iliyosimuliwa katika Qur'ani, na utaratibu wake uzingatiwe: aliwapunguzia wanawake kazi kwanza, ndipo alipokwenda kukaa kivulini.

Mas-ala tuliyokuja nayo yalikuwa ya dada mmoja wa hapa kwetu. Miezi michache kabla ya safari alitupigia simu. Mumewe hampigi, hamtukani, chakula na nguo analeta. Ana watoto watano, mama mkwe mgonjwa anayemuuguza, na biashara ndogo ya vitafunio. Alisema, "Maalim, sina kesi. Nataka kujua tu, mwanamke ana haki ya kupumzika kisheria, au ni fadhila akipewa?" Tulimwomba atupe muda, kwa kuwa swali hilo halikustahili jawabu la haraka, na ahadi hiyo tuliibeba hadi Malili pamoja na shali.

Jawabu letu ni kwamba ni haki. Maneno ya Salman aliyoyasadikisha Mtume (S.A.W.), kwamba nafsi ina haki juu ya mwenyewe, hayakuwabagua wanaume na wanawake. Na katika madhehebu yetu, jambo ambalo wanaume wengi hawapendi tulitaje, kazi za nyumbani, kupika na kufua na kufagia, si wajibu wa mke kwa mkataba wa ndoa. Ni wema wake na ada ya mji, na malipo yake yako kwa Mungu. Bi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika hutoka. Wengine hutujia na habari ya Bi Fatma (R.A.), aliyekwenda kuomba mtumishi kwa sababu ya mawe ya kusagia, akafundishwa yeye na Sayyidna Ali tasbihi za kabla ya kulala. Husema, basi mwanamke akichoka na alete tasbihi. Na alete, nasi tuzilete. Lakini hadithi hiyo haikusema kwamba Bi Fatma hakuchoka. Imehifadhi mpaka alama za mawe mikononi mwake.

Ama khalwa, ye yote anayedhani ni mambo ya wanaume na asome habari za Bi Maryam (A.S.). Alijitenga na watu wake akaenda mahali upande wa mashariki, akaweka pazia baina yake na wao. Na katika mihrabu yake, Zakariya (A.S.) kila alipomwingilia alikuta riziki imemfikia. Hakuingia kumuuliza chakula cha mchana ki wapi.

Tunafahamu dada zetu watauliza, na ni haki yao kuuliza, mbona safari kama yetu, ya mtu peke yake, kwao ina masharti. Ndiyo, madhehebu yetu yanamtaka mwanamke katika safari awe na maharimu wake, wala hatutazunguka jambo hilo kwa maneno matamu. Lakini safari si faragha. Safari ni chombo tu cha kuifikia. Sisi tulilazimika kwenda mbali kwa sababu mlango wetu hujulikana na watu wote. Wanawake wa mtoni faragha yao ilikuwa hatua chache kutoka kwa punda wao. Kinachohitajika ni muda ambao mwingine hana amri juu yake, na ukuta wa kuuzuia usichotwe. Ukuta huo, katika nyumba ya Kiislamu, ni kazi ya mume kuujenga.

Alhamisi tulirudi, ili Ijumaa itukute nyumbani. Yule dada tulimpigia, tukampa jawabu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na mume wangu nitamwambiaje?" Tulimwambia asimwambie neno, sisi tutaandika, na gazeti aliache mezani.

Nyumbani nako kulikuwa na habari. Tulipouliza walikuwaje siku zile, tulijibiwa, "Tulipumzika sana, Maalim. Hapakuja mtu." Na ni kweli: mlango usiobishwa kwa siku nne ni mapumziko ya nyumba nzima, na chai ya wageni haikupikwa hata mara moja. Tukasema, basi zamu yako imefika, chagua mahali. Iwe Lamu kwa ndugu zako, iwe Malili yenyewe, tutafuatana na tutakaa chumba cha pili. Hakutaka Lamu wala Malili. Anachotaka ni nyumba hii hii, tupu, tangu Ijumaa usiku hadi Jumatatu asubuhi.

Imepangwa baada ya msimu wa maulidi, mfungo saba utakapoandama. Wajukuu tutawachukua sisi, tuwapeleke Malindi kwa shangazi yao. Kijana wetu mkubwa atakula kwa rafiki zake, kwa kuwa anachojua kupika ni chai. Mlango tutauandikia kibao cha kuwaelekeza watu msikitini. Simu yake amesema tusiiguse, ataizima mwenyewe.